Mtoto wa yaya naye ana kwao: barua ya wazi kwa mawaziri wa familia wa nchi za Kituruki

Kumkapı, Istanbul

KWA: Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia familia na ustawi wa jamii katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Mataifa ya Kituruki: Azerbaijan, Kazakhstan, Kirgizstan, Uturuki na Uzbekistan

NAKALA: Katibu Mkuu wa Jumuiya, Istanbul

YAH: WATOTO NA MAMA WALIOSAHAULIWA KATIKA SERA ZENU ZA FAMILIA

Waheshimiwa Mawaziri,

Natanguliza salamu na heshima zangu kwenu nyote. Mimi ni mwanamke wa Tanga, Tanzania. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Istanbul, na saba kati ya miaka hiyo nimelala kwenye nyumba za watu nikitunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda. Sasa nafanya kazi ya zamu na napanga Kumkapı pamoja na wanawake watatu. Mmoja ametoka Osh kule Kirgizstan, mmoja Samarkand kule Uzbekistan, wa tatu mji wa Mary kule Turkmenistan. Wawili ni raia wa nchi zenu, na wa tatu ni raia wa nchi mnayokaa nayo meza moja. Kwa ajili yao na watoto wao ndiyo nimeshika kalamu.

Kabla ya kuja hadharani nilifuata ngazi. Nimejaza fomu, nimepanga foleni kuanzia alfajiri, nimeandika barua mbili kwa Kituruki nilichojifunzia jikoni. Moja niliipeleka kwenye ofisi ya umma hapa mjini, nyingine kwenye ubalozi mdogo wa nchi moja. Ofisi ilisema shida ya mtoto niliyeandika habari zake, aliyezaliwa hapa na hajaandikwa popote, ni ya nchi ya mama yake. Ubalozi ukasema ni ya nchi alikozaliwa. Sizitaji kwa majina, maana maafisa wale hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinipa kiti na chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Hawakuwa na mwongozo wa kufuata. Mwongozo huo ni ninyi wa kuuandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niwezayo kumalizia maneno yangu. Tena wako wasomaji wa Kiswahili Istanbul, Muscat, Riyadh na Dubai ambao habari hii wameiishi. Tafsiri ya Kituruki nitaileta kwa mkono wangu. Kutoka chumbani kwetu hadi makao ya Jumuiya yenu Sultanahmet ni kupanda kilima tu, nusu saa haitimii.

Waheshimiwa, mnaitana ndugu. Mlianza Nakhchivan, Azerbaijan, mwaka 2009 mkiwa nchi nne. Uzbekistan ikaingia 2019. Novemba 2021, hapa hapa Istanbul, mkajipa jina mlilonalo leo na kupitisha dira ya kufikia 2040, na Turkmenistan ikawa mwangalizi. Neno ndugu nalichukua kwa uzito wake wote, na kwa neno hilo ndiyo nawauliza.

Uturuki uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Familia, kisha miaka 2026 hadi 2035 kuwa muongo wa familia na idadi ya watu. Sababu yake inaeleweka. Mwaka 2001 wastani ulikuwa watoto 2.38 kwa kila mwanamke. Mwaka 2024 ulikuwa umeshuka hadi 1.48. Ndiyo maana tangu Januari 2025 mzazi anapewa lira 5,000 mara moja kwa mtoto wa kwanza, lira 1,500 kila mwezi kwa wa pili, na lira 5,000 kila mwezi kwa wa tatu na wanaomfuata. Sina kinyongo na fedha hizo. Mtoto akipata maziwa, nani atanuna? Lakini huyo mtoto wa tatu, mama yake akirudi kazini, anaachwa na nani? Katika nyumba nyingi za mji huu anaachwa na mwanamke wa Osh, wa Andijan, wa Mary. Na mtoto wa mwanamke huyo ameachwa na nani?

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mtoto aliyebaki kwa bibi hana mtu wa kumsainia.

Mwenzangu wa Osh ana siku moja ya mapumziko kwa wiki, Jumapili. Asubuhi hiyo huegemeza simu kwenye kopo la sukari, hufunga kitambaa kizuri kichwani, halafu hupiga. Upande wa pili yuko bintiye wa miaka saba. Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilikuwa pembeni nakoroga uji, nikamsikia mtoto akiita kwa sauti: apa, njoo, eje anapiga! Kwa Kikirgizi apa ni mama, na eje ni dada mkubwa. Apa aliyekuwa anaitwa ni bibi yake. Mama mzazi ndiye aliyekuwa eje. Alicheka na mwanawe, akamwonyesha viatu alivyomnunulia mtaa wa Laleli hapa Istanbul, akamuuliza kama amekula. Simu ilipokatika alikivua kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Nilimwekea uji mbele yake, ulipoa.

Mwaka jana mtoto huyo alivunjika mkono. Hospitali ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi anayetambuliwa kisheria, na bibi hakuwa na karatasi yoyote. Walikuja kuelewana, lakini mkono ulikwisha vimba siku nzima. Mtaniambia mama angeandika hati ya kumpa bibi madaraka. Sawa. Hati hiyo inaandikwa kwa noter, yaani mthibitishaji wa nyaraka, mbele ya mkalimani aliyeapishwa, kisha inagongwa muhuri wa kutambuliwa nje ya nchi. Noter hafungui Jumapili. Ubalozi haufungui Jumapili. Mwanamke anayelala kazini siku sita ataenda lini? Akiomba ruhusa Jumanne, mgonjwa anayemtunza kazini atabaki na nani? Mtu ambaye hajafanya kazi hii huliona jambo hili dogo. Sisi tumeona watu wakifukuzwa kazi kwa kuomba nusu siku.

2. Mtoto aliyezaliwa huku hayumo kwenye daftari lolote.

Dada wa mji wa Mary alijifungua Istanbul. Wakati huo pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, na kibali cha ukaazi kilikuwa kimeisha pamoja nayo. Mwanawe sasa anakaribia miaka sita. Kituruki kimemfundisha kuniita teyze, yaani dada wa mama. Mimi nimemfundisha kusema mama mkubwa, na vyote viwili anavitumia kulingana na anachokitaka. Karatasi pekee inayosema kwamba amezaliwa ni ripoti ya uzazi ya hospitali, kurasa moja, imewekwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko umo ndani ya kopo la mchele. Wino wa jina la mama umeanza kufifia. Kila mwezi dada huyu huifungua, huitazama, huirudisha.

Najua sheria inasemaje, kwa kuwa nimelazimika kuisoma. Sheria ya uraia ya Uturuki, namba 5901 ya mwaka 2009, haimpi uraia mtoto kwa sababu tu amezaliwa hapa. Lakini kifungu chake cha 8 kinasema mtoto aliyezaliwa Uturuki ambaye hawezi kupata uraia wa wazazi wake wa kigeni ni raia wa Uturuki tangu kuzaliwa. Mlango upo. Kuufungua kunataka uthibitisho kutoka kwa ile ile nchi ya mama ambayo haikumpa pasipoti mpya. Na mama mwenyewe anaogopa kugonga, kwa sababu akitoa jina lake anaweza kurudishwa kwao kabla mtoto hajaandikwa popote. Tangu Septemba 2022, Uturuki ulipoondoa ruhusa ya raia wa Turkmenistan kuingia bila viza, hofu hiyo imezidi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa mnayo wenyewe. Julai 2019 Kirgizstan ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutangaza kwamba imemaliza tatizo la watu wasio na uraia: zaidi ya watu 13,000 walipata karatasi katika miaka mitano. Mwanasheria Azizbek Ashurov na wenzake walizunguka vijijini kwenye Bonde la Fergana kwa magari chakavu, na mahali gari lisipofika walipanda farasi. Hawakukaa ofisini kusubiri watu waje na nyaraka ambazo hawana. Mwaka uliofuata Uzbekistan ilianza kutumia sheria mpya ya uraia iliyofungua njia kwa karibu watu 50,000. Watu wenye ujuzi huo wapo, wanaongea lugha za akina mama hawa, na Istanbul hakuna haja ya farasi.

Wasomaji wangu wa Afrika Mashariki wanalijua jeraha hili. Wapo watoto wa mama wa Kikenya waliozaliwa Saudi Arabia, wakakua bila cheti, mama wakishindwa kurudi nao nyumbani. Sitaki ndugu zangu wa Asia ya Kati wajifunze kwa machungu yale yale.

3. Mikono inayolea haimo kwenye sheria ya kazi.

Sheria ya kazi ya Uturuki, namba 4857 ya mwaka 2003, kifungu cha 4, imeziweka kazi za nyumbani nje ya wigo wake. Mtu anayefunga mabomba kiwandani ana saa zake za kazi na malipo ya ziada kwa sheria hiyo. Anayelala sakafuni pembeni mwa kitanda cha mgonjwa, akiamka mara nne usiku, hayumo. Kibali cha kazi cha mgeni kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na mwajiri ndiye anayekiomba. Basi ukimwudhi, hujapoteza kazi tu. Kitanda na kibali vinaondoka pamoja. Na ikiwa mwajiri hakukulipia michango, utarudi kwenu na mgongo mbovu na miaka tisa isiyohesabiwa popote.

Uturuki una makubaliano ya hifadhi ya jamii na Azerbaijan, kwa hiyo kuhesabiana miaka ya kazi si jambo geni kwenu. Lakini wanawake ninaoishi nao hawaishi kwa jozi za nchi. Mwenzangu wa Samarkand amefanya kazi Almaty kule Kazakhstan, kisha Istanbul, na akizeeka atakaa Samarkand. Makubaliano ya nchi mbili mbili yanamkata vipande.

4. Amri ya kumlinda mwanamke inaishia mpakani.

Hapa nakiri kuna hatua kubwa. Uzbekistan ilifanya ukatili wa nyumbani kuwa kosa la jinai Aprili 2023. Kazakhstan ilifuata Aprili 2024, kwa sheria ambayo wananchi waliiita kwa jina la Saltanat, mwanamke aliyeuawa na mumewe, waziri wa zamani. Kesi ile nchi nzima iliifuatilia, na mtu yule akafungwa miaka 24. Uturuki una sheria namba 6284 ya mwaka 2012. Ni kweli pia kwamba Uturuki ulijitoa mwaka 2021 kwenye mkataba wa Ulaya wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mkataba uliotiwa saini mji huu huu, na mimi naamini hilo lilikuwa kosa. Lakini leo naomba jambo ambalo hata aliyeunga mkono uamuzi ule anaweza kulikubali.

Mwanamke akipata amri ya ulinzi Istanbul, mume akamfuata hadi Osh au Shymkent kule Kazakhstan, amri ile inageuka karatasi ya kufungia karanga. Analazimika kuanza upya, kusimulia upya, kuthibitisha upya, mbele ya polisi wa mji ambao ukoo wa mume unajulikana. Kirgizstan haijasahau kwamba Mei 2018 msichana wa miaka 20, aliyetekwa ili aolewe kwa nguvu, aliuawa na mtekaji wake ndani ya kituo cha polisi alikopelekwa kutafuta usalama.

5. Nikahi bila cheti.

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Ninyi mnasema nikâh, nikoh. Sisi twasema nikahi. Imamu husoma, mashahidi husikia, watu hula pilau, na kwenye daftari la serikali hakuna kitu. Mume akifa au akitoroka, mwanamke si mjane wala si mtalaka. Akiwa ugenini, hata ukaazi wake unakosa mguu wa kusimamia.

Waheshimiwa, najua majibu yanayotolewa. Nimeyasikia madirishani.

La kwanza: hawa wako hapa kinyume cha sheria. Baadhi ni kweli. Lakini mtoto aliyezaliwa hakuvuka mpaka wowote kwa miguu yake. Na mama yake, nyumba zinazomwajiri zinajulikana, watoto aliowalea wamehitimu vyuo vikuu. Haiwezekani mikono yake iwe halali jikoni na jina lake liwe haramu ofisini.

La pili: kila nchi ina sheria zake, Jumuiya haiwezi kuingilia. Septemba 2024 tume yenu ilikaa Baku ikakubaliana alfabeti moja ya herufi 34, baada ya baadhi ya nchi zenu kubadilishiwa maandishi mara kadhaa katika karne moja. Kama mmeweza kukubaliana herufi, mnaweza kukubaliana fomu moja ya ulezi wa mtoto. Tetemeko la Februari 2023 lilipoua maelfu kusini mwa Uturuki, Kirgizstan ilituma mahema yake ya asili, na viongozi wenu walikutana Ankara tarehe 16 Machi kwa mkutano wa dharura. Hakuna aliyeuliza hema la Kirgizi litawekwaje kwa sheria ya Uturuki.

La tatu: hatuna uwezo wa kuwafuata watoto nje ya mipaka. Mlikwisha kuwafuata mpaka vitani. Mwaka 2019 Kazakhstan iliwarudisha mamia ya raia wake kutoka Syria, wengi wakiwa watoto, kwa operesheni iitwayo Jusan. Mei mwaka huo Uzbekistan ilirudisha watu 156, karibu wote wanawake na watoto. Machi 2021 Kirgizstan ilituma ndege Iraq ikachukua watoto 79. Watoto wale waliandikwa, wakapewa vyeti, wakatafutiwa ndugu. Wengi wao walikuwa hawana hata ile ripoti ya hospitali iliyomo kwenye kopo letu la mchele. Kumkapı hakuna vita. Teksi inafika.

La nne, ambalo naliheshimu zaidi: kwamba mimi ni mgeni, hayanihusu. Mzee wa mwisho niliyemtunza alikufa ameshika mkono wangu na wa mwenzangu wa Osh, wanawe wakiwa kwenye foleni ya magari darajani. Tulimfumba macho sisi. Nadhani imenihusu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninachoomba kiingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho ni haya.

Fomu moja fupi ya ulezi wa muda, kwa lugha zenu zote, mama aisaini ubalozini bila malipo na itambuliwe na shule na hospitali ya nchi yoyote mwanachama. Na balozi zenu za Istanbul na Ankara zifungue dirisha Jumapili, hata mara moja kwa mwezi.

Timu ya pamoja ya kuandikisha watoto waliozaliwa katika nchi mojawapo na mama wa nyingine, ikiongozwa na wenye uzoefu wa Kirgizstan, iende mitaani: Kumkapı, Aksaray, Zeytinburnu. Mama anayejitokeza kuandikisha mtoto asikamatwe kwa sababu ya kujitokeza. Bila ahadi hiyo kwa maandishi, timu itakaa na meza tupu. Turkmenistan ialikwe tangu siku ya kwanza, maana uangalizi wake usiwe wa picha ya pamoja peke yake.

Mkataba mmoja wa hifadhi ya jamii wa nchi zote, unaotaja kazi za nyumbani kwa jina, na Uturuki kuifungua sheria namba 4857 ili kazi hizi ziingie.

Amri ya ulinzi iliyotolewa na nchi moja itekelezwe na nyingine ndani ya siku chache, bila mwanamke kusimulia upya. Na ndoa ya kidini ambayo imezaa watoto isajiliwe kwa kuchelewa, hata kama mume hayupo kusaini.

Naomba jibu litolewe hadharani, kwa lugha za akina mama hawa, ili yeyote aliye jikoni aweze kulisoma kwenye simu. Likiwa ni hapana, semeni hapana ya kipi na kwa nini.

Kuna moja haliwezi kungoja mkataba. Shule zinafunguliwa Septemba. Mtoto wa chumbani kwetu ameshachagua begi, la bluu, limetundikwa nyuma ya mlango. Natafuta afisa mmoja, wa nchi yoyote kati ya zenu, atakayekubali kuipokea ile ripoti ya hospitali mkononi na kuniambia hatua inayofuata. Nitakuja Sultanahmet Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, siku nisiyokuwa na zamu, kuanzia saa tatu asubuhi. Nitakuwa na ile karatasi, na mama yake akiruhusiwa kuja bila hofu, atakuwa nami.

Wenu kwa heshima,

Mtunza wazee kutoka Tanga,
Kumkapı, Istanbul